Je, wajua kwa nini erithromaisini, dawa ya kupambana na bakteria, huikwamisha ribosomu ya bakteria na kuiacha ya binadamu?

Seli zote hai, ziwe za bakteria au za binadamu, hutengeneza protini zao kwa ribosomu, ambayo husoma ujumbe wa RNA (nakala ya maelekezo ya jeni) herufi tatu tatu na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Katika bakteria inayokua haraka, mtambo huo wenye upana wa nanomita 20 hivi huweza kuunganisha takribani asidi amino 20 kwa sekunde. Inakuwaje basi dawa iusimamishe mtambo wa bakteria bila kuugusa wetu?

Ribosomu ya bakteria huitwa 70S, nayo ina vipande viwili, 30S na 50S, ilhali ya binadamu ni 80S. (30 na 50 kufanya 70 si kosa la hesabu: S hupima kasi ya kuzama katika mashine inayozungusha kwa nguvu, si uzito, kwa hiyo haijumlishwi.) Ndani ya 50S mna njia nyembamba ambayo protini changa hupitia ikitoka, na erithromaisini hujibana humo, karibu kabisa na herufi ya 2058 ya RNA inayoijenga ribosomu yenyewe, si ile ya ujumbe. Kwa bakteria herufi hiyo ni adenini. Kwetu ni guanini, yenye atomi chache za nitrojeni na hidrojeni zinazochomoza pale pale ambapo dawa ingekaa, ikakosa nafasi. Bakteria nao wameijua siri hiyo, kwani baadhi yao wana kimeng'enya kinachoibandika methili, kikundi kidogo cha atomi, adenini ile ile, na dawa ikashindwa kushika.

Haya yalionekana wazi baada ya ramani za ribosomu kuchorwa atomi kwa atomi. Ada Yonath wa Israeli alianza kutengeneza fuwele za ribosomu, zilizohitajika ili kuchora ramani hizo, karibu na mwaka 1980, wakati wengi waliona ni kazi isiyowezekana, akatumia vijidudu vinavyostahimili joto kali na vile vya Bahari ya Chumvi kwa kuwa ribosomu zao ni imara. Ramani zenyewe zilitoka mwaka 2000, na mwaka 2009 yeye, Thomas Steitz na Venkatraman Ramakrishnan wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa maoni yangu, lililo kubwa kuliko yote katika ramani hizo ni kwamba mahali asidi amino zinapounganishwa pamezungukwa na RNA pekee, bila protini, hivyo kazi hiyo hufanywa na RNA yenyewe.

Hata hivyo, kinga yetu ina ufa. Mitokondria, sehemu za seli zinazoipa nishati na ambazo asili yake ni bakteria, zina ribosomu zao wenyewe ndani ya seli zetu. Mtu aliyerithi kutoka kwa mama yake guanini badala ya adenini katika nafasi ya 1555 ya DNA ya mitokondria huwa na ribosomu inayofanana zaidi na ya bakteria, na jentamaisini, dawa nyingine ya bakteria inayoshika kipande cha 30S cha ribosomu yao, yaweza kumfanya kiziwi wa kudumu.