Kabla ya Kuing'oa Redio: Kutafuta Hitilafu ya Sauti Katika Ndege Ndogo

Katika karakana ninakofanya kazi ya ufundi wa mawasiliano ya ndege, hapa Uwanja wa Wilson, Nairobi, marubani wengi huandika maneno mawili tu kitabuni: "Redio mbovu." Maneno hayo hayanipi pa kuanzia, kwa sababu ni mara chache redio yenyewe huwa na kosa. Sauti ya rubani hupita kwenye maikrofoni, waya wa hedseti, plagi, tundu lake na paneli ya sauti (kifaa cha kuchagua redio ya kuongelea na kusikilizia) kabla ya kuifikia redio na hatimaye antena, na sehemu zinazochakaa upesi ni zile zinazoshikwa kila siku. Redio ikishang'olewa na kupelekwa kupimwa mezani, hurudi na karatasi isemayo kuwa ni nzima, huku ndege imekwishapoteza siku ya kazi na kasoro iko palepale.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni nani hakumsikia nani, kwa redio ipi na akiwa kiti kipi. Ikiwa mnara ulijibu kwamba unapokea wimbi tupu lisilo na maneno, nusu ya kazi imekwisha, kwa maana redio imerusha na antena imefanya wajibu wake. Kilichokosekana ni sauti, nayo imepotelea upande wa maikrofoni. Plagi ya maikrofoni ni ile nyembamba, yenye kipenyo cha takriban milimita 5.2, ilhali ile nene ya milimita 6.35 ni ya kusikilizia. Hiyo nyembamba ina sehemu tatu: ncha inapitisha amri ya kitufe cha kuongelea, pete ya katikati inapitisha sauti, na shina ni njia ya kurudishia umeme. Pete ikishika uchafu, redio itaonyesha kuwa inarusha lakini hakuna neno litakalotoka. Ncha ikikosa kugusa vizuri, rubani anayetumia kitufe cha kuchomeka, yaani kinachounganishwa kwenye plagi badala ya kuwa kwenye usukani, hatarusha chochote, ingawa mwenzake atamsikia barabara kwenye intakomu, mfumo wa kuzungumza ndani ya ndege.

Jaribio lisilo na gharama ni kubadilishana hedseti na aliye kiti cha pili, bila kugusa kitu kingine chochote. Tatizo likifuata hedseti, ndege haina neno. Likibaki kwenye kiti kilekile, chunguza tundu. Kabla ya hapo, hakikisha maikrofoni iko karibu kabisa na midomo na upande wake wa kuongelea umeelekea kinywani. Maikrofoni hizi hupunguza kelele kwa kulinganisha sauti ya mbele na ya nyuma, hivyo ikigeuzwa au kuachwa kidevuni, huifuta sauti ya rubani pamoja na ngurumo ya injini. Ndege zinazolala Lamu au Malindi huniletea matundu yenye ukungu wa kijani kwa sababu ya hewa ya chumvi. Huyasafisha kwa alkoholi ya isopropili. Msasa siutumii kamwe, kwani unakwangua utando unaoilinda shaba.

Kelele zinahitaji sikio lenye subira. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini kwa kawaida hutoka kwenye alteneta, na ndege ikiwa chini unaweza kuizima alteneta hiyo kwa muda mfupi usikilize kama mlio unakatika. Mdundo wa sekunde kwa sekunde hufuata taa za kumweka zilizo kwenye ncha za mabawa. Wengi wakisikia mlio wa alteneta hukimbilia kufunga kichujio cha kelele, jambo nisilokubaliana nalo hata kidogo: daiodi moja ndani ya alteneta ikiwa imekufa, kichujio kitaficha dalili huku alteneta ikiendelea kuharibika.

Lakini mlio huo unaweza pia kuingia kwa mlango mwingine unaosahaulika. Tundu la maikrofoni linapofungwa kwenye bamba la chuma, linapaswa kukaa juu ya pete za kuhami ili shina lake lisiguse bodi ya ndege, kwani umeme ukipata njia mbili za kurudi, kelele za mfumo mzima huchanganyika na sauti dhaifu ya maikrofoni. Mtu hubadilisha tundu, pete ndogo zinaanguka sakafuni, anakaza nati bila hizo, na tangu siku hiyo ndege inalia. Nyaya za kurudishia umeme zikiwa zimeunganishwa na bodi upande wa paneli ya sauti peke yake, mimi huichomoa paneli kwenye trei yake na kupima kwa multimita: kati ya shina la tundu na bodi pasiwe na njia.

Hitilafu ninayoiogopa kuliko zote ni kitufe kilichonasa. Redio inayorusha haipokei, kwa hiyo rubani huona ukimya usio wa kawaida, huku akiwazibia wenzake wote masafa ya mnara. Ukimya huo ukikujia mahali penye ndege nyingi, tazama kwanza kama alama ya kurusha inawaka. Ikiwaka, chomoa plagi nyembamba pamoja na kitufe chake cha kuchomeka. Isipozimika, kasoro iko kwenye kitufe cha usukani au nyaya zake, basi izime redio hiyo, ujaribu ya pili, na usipopata mawasiliano weka 7600, namba ya kupotea kwa mawasiliano, kwenye transponda (kifaa kinachoijibu rada) na uangalie ishara za taa kutoka mnarani.