Kampeni ya malaria shuleni: wekeni chini fyekeo, shikeni sindano na uzi

Klabu nyingi za afya shuleni zina kampeni ya aina moja. Bango linaandikwa "Fyeka nyasi, tokomeza malaria", Jumamosi asubuhi wanafunzi wanashika mafyekeo, wanasafisha kuzunguka zahanati, picha zinapigwa, kazi imekwisha. Sina ugomvi na usafi, na nyasi fupi zinafukuza nyoka. Ila mbu wa malaria hazaliani kwenye nyasi. Anazaliana majini, na kwa sehemu kubwa anauma usiku, watu wakiwa wamelala. Saa mbili za wanafunzi arobaini ni mali, na zipo kazi zinazozistahili zaidi.

Kabla ya kumfundisha mtu yeyote, wanafunzi wamjue mbu wenyewe. Anayebeba malaria ni Anofelesi jike. Akitua ukutani, mkia wake unainuka, mwili umeinama kama msumari uliopigwa upande. Kuleksi, yule anayejaa kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta. Kwa viluwiluwi mambo yanageuka: vya Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, vya Kuleksi huning'inia kichwa chini. Tofauti hii si ya mtihani tu. Kaya iliyoambiwa kwamba mtaro mchafu ndio unaoleta malaria itausafisha, mtoto ataugua tena, na kuanzia hapo hakuna atakayewasikiliza. Kuleksi naye ana madhara yake, kwa mfano matende na mabusha ukanda wa pwani, lakini malaria haleti.

Anofelesi wengi hupenda maji masafi kiasi, yaliyotulia, yanayopigwa na jua: mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe kando ya bomba, alama za matairi barabarani. Kuyapima, chukua upawa mweupe au bakuli jeupe la plastiki. Simama kivuli chako kisiangukie maji, subiri dakika moja (viluwiluwi huzama vikishtuka), kisha chota taratibu pembeni, mara kumi kwa kila dimbwi. Dimbwi dogo lenye viluwiluwi lifukieni au likatieni njia ya maji. Yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14 hivi, kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa mwezi ni matembezi tu. Lazima iwe kila wiki. Tena fanyeni kiangazi, madimbwi yakiwa machache na yanajulikana. Masika kila unyayo ni dimbwi, hamtamaliza. Oili chafu ya gari msimwage majini, kuna watu na mifugo wanaokunywa humo. Majaruba ya mpunga na mabwawa mwachieni bwana afya, ndiye mwenye kiuatilifu cha viluwiluwi na kipimo chake.

Sasa chandarua, na hapa ndipo ningeweka zaidi ya nusu ya muda wote. Tanzania ilianza kugawa vyandarua kupitia wanafunzi mwaka 2013, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Maana yake katika maeneo mengi anayekibeba chandarua hadi nyumbani ni mtoto wa shule, na asipojua kukielezea, kitaishia kabatini kikisubiri wageni, au kitazungushiwa bustani ya mchicha.

Maelezo yenyewe ni machache lakini yana sababu. Kikitoka kwenye mfuko, kitundike kivulini penye hewa kwa saa 24 kabla ya kukitumia. Wanaokilalia siku hiyo hiyo ndio wanaolalamika kuwashwa uso, kisha wanakitupa. Kifungwe kwa kamba kila pembe na kivutwe sawasawa, kwa sababu kikilegea kinamgusa aliyelala na mbu anauma kupitia kwenye matundu ya kitambaa. Pindo liingie chini ya godoro au mkeka. Kukifua tumia sabuni ya kawaida ya mche, usiloweke, usitumie jiki, anika kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa. Vingi vimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi na kudumu takriban miaka mitatu, kwa hiyo anayefua kila wiki anamaliza dawa ndani ya miezi mitano. Hesabu ni chandarua kimoja kwa watu wawili: kaya ya watu saba inahitaji vinne.

Kinachokiua chandarua kabla ya wakati ni tundu. Huanzia kwenye msumari wa kitanda, kwenye panya waliofuata makombo, au kwenye kibatari. Ndiyo maana ninasema sindano na uzi. Kila jozi ya wanafunzi iende na sindano mbili, uzi na vipande vya chandarua chakavu kwa viraka. Kushona tundu moja mbele ya mama mwenye nyumba kunafundisha kuliko ngonjera ya beti kumi.

Ziara za nyumbani zinataka adabu na mpangilio. Barua ya mwalimu mkuu ifike kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa mapema. Wanafunzi waende wawili wawili, saa kumi jioni, watu wakiwa wamerudi shambani na jua bado lipo. Jozi moja isipewe zaidi ya nyumba sita. Kosa kubwa ni swali lenyewe. Ukiuliza, "Shikamoo mama, mnatumia chandarua?" utajibiwa "Marahaba, ndiyo mwanangu," kila nyumba, kwa sababu hilo ndilo jibu la heshima. Uliza hivi: "Jana usiku walilala watu wangapi hapa? Wangapi walilala ndani ya chandarua?" Kisha omba kuonyeshwa kilipofungwa. Andika namba tu, majina hayahitajiki. Rudini baada ya wiki mbili na swali lile lile. Tofauti ya namba hizo ndiyo ripoti ya kampeni, si idadi ya waliohudhuria mkutano.

Mtapata hoja za watu wazima, na msizicheke. Wapo wanaosema malaria inaletwa na maembe mabichi. Msimu wa maembe na msimu wa mvua hukutana sehemu nyingi, kwa hiyo aliyeona hivyo hakuota. Mvua ndiyo iliyoleta mbu. Degedege ni nzito zaidi. Kuna kaya zinazoliona kuwa ni jambo la shetani na kuanza na mganga. Mwanafunzi asibishane habari za shetani. Aseme jambo moja: mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, aliyeshindwa kunyonya au aliyelegea hadi haamki, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, mengine yafuate baadaye.

Kuhusu kupima na dawa, wanafunzi wasiguse dawa wala wasimwambie mtu anaumwa nini. Wajue tu ya kueleza. Homa ipimwe ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka huchukua tone la damu na kusomwa baada ya dakika 15 hadi 20 kulingana na aina. Kikisema hakuna, homa itafutiwe sababu nyingine, si kulazimisha dawa "kwa usalama". Vipimo vingi huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo kupima tena wiki ijayo hakumaanishi dawa imeshindwa. Dawa ya mseto humezwa mara sita kwa siku tatu. Mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara, jumla 24. Ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa nane, na hii ndiyo inayosahaulika: aliyeanza saa mbili usiku anatakiwa kuamka saa kumi alfajiri. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Siku ya pili homa hushuka, na vidonge vilivyobaki hufungwa kwenye karatasi akisubiriwa mgonjwa mwingine. Hapo watu wawili wanakosa tiba.

Mwisho, bwenini. Watoto wa umri wa shule ndio wanaobeba vimelea kwa wingi, mara nyingi bila hata kuumwa, na mbu huvichukua kwao na kuwapelekea wadogo zao. Vitanda vya ghorofa ndiyo shida: chandarua cha juu hukosa pa kufungwa, cha chini hukosa kimo. Kwa juu, fungeni mianzi minne kwenye nguzo za kitanda, itokeze mita moja hivi, kisha mzungushie kamba. Kwa chini, fungeni vitanzi kwenye fremu ya kitanda cha juu, upande wa ndani wa nguzo, na kitambaa kilichozidi kichomekwe chote chini ya godoro. Anayejisomea kwa tochi hadi saa tano usiku ajisomee akiwa ndani.