Tangazo la Ukombozi si sheria ya kufuta utumwa

Kila Abraham Lincoln anapotajwa, sentensi inayofuata ni ile ile: "alifuta utumwa Marekani mwaka 1863." Husikika darasani, redioni, hata kwenye mahubiri. Mwaka ni sahihi, kitenzi ndicho kibovu.

Tangazo la Ukombozi ni amri ya rais ya tarehe 1 Januari 1863, iliyosema kwamba watumwa wote walio katika majimbo, au sehemu za majimbo, yaliyoasi, yaani ya kusini yaliyojitenga na kupigana na serikali ya Marekani, wako huru kuanzia siku hiyo. Maana ni hiyo tu. Utata uko kwenye maneno mawili: kuasi na ukombozi.

Lincoln alikuwa wakili wa Illinois kwa takriban robo karne, na tangazo lake linasomeka kama hati ya kiwanja: mipaka kwanza. Linataja majimbo 10, kisha linaanza kutoa. Louisiana, isipokuwa wilaya 13, New Orleans ikiwamo. Virginia, isipokuwa kaunti 48 za magharibi na nyingine chache za pwani, pamoja na miji ya Norfolk na Portsmouth. Tennessee haimo kabisa. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri yalikuwa na watumwa lakini hayakuasi, kwa hiyo hayakuguswa. Mtumwa wa Kentucky aliamka tarehe 2 Januari akiwa mtumwa vilevile.

Wengine husema hiyo ilikuwa hila. Hapana, ilikuwa sheria. Katiba haikumpa rais uwezo wa kugusa utumwa ndani ya jimbo tiifu. Alichokuwa nacho ni madaraka ya amiri jeshi mkuu dhidi ya adui, ndiyo maana tangazo linajieleza kuwa hatua ya kivita. Udhaifu wake uko hapo hapo: vita vikiisha, mahakama ingeweza kuuliza kama amri bado ina nguvu. Na si kwamba lilikuwa karatasi tupu. Kila jeshi la Muungano, yaani la upande wa Lincoln, liliposonga mbele, uhuru ulisonga nalo, na wanaume Weusi wakafunguliwa mlango wa kuandikishwa jeshini. Takriban 180,000 waliingia.

Sasa "ukombozi". Kwa Kiswahili, asili ya kukomboa ni kutoa kitu ili urudishiwe kingine: unakomboa rehani, unakomboa mateka. Kuna malipo ndani yake. Neno la Kiingereza tulilolitafsiri hivyo lina asili ya Kilatini, lenye "mkono" na "kushika" ndani yake, na Warumi walilitumia hasa kwa baba anayemtoa mwanawe chini ya mamlaka yake. Ni kuachilia. Tangazo la 1863 halikumlipa mwenye mtumwa hata senti. "Tangazo la kuacha huru" lingekaa vizuri zaidi, ingawa kulibadili leo ni kupigana na upepo.

Ukombozi kwa maana yetu ya zamani Lincoln aliufanya kweli, ila mwaka uliotangulia na mahali padogo. Tarehe 16 Aprili 1862 alitia saini sheria ya mji mkuu, Washington. Wamiliki walitakiwa kupeleka madai yao ndani ya siku 90 na kuapa kwamba ni watiifu. Makamishna watatu walipima thamani, jumla ya malipo isizidi wastani wa dola 300 kwa kila mtumwa. Waliolipwa, bila shaka, ni mabwana. Zanzibar ilipitia njia inayofanana na hiyo Aprili 1897: amri ya Sultan Hamoud iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, mwenye mtumwa akafidiwa, na mtumwa akatakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Masuria walisubiri hadi 1909.

Kilichofuta utumwa Marekani ni Marekebisho ya 13 ya Katiba. Baraza la Wawakilishi liliyapitisha tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, na idadi ya majimbo iliyohitajika kuyaridhia ikatimia tarehe 6 Desemba. Lincoln alikuwa ameuawa Aprili.

Kwa hiyo anayetaka sentensi fupi ya mtihani aandike: mwaka 1863 Lincoln alitangaza huru watumwa wa maeneo ya waasi, utumwa ulifutwa kikatiba Desemba 1865.