Kozi ya mtandaoni ya walimu: kipi asome peke yake, kipi afanye na wenzake

Watu wanaotaka kuandaa kozi ya mtandaoni kwa walimu walioko kazini huniuliza swali moja: tuweke moduli kila mtu ajisomee kwa wakati wake, au tuunde vikundi wajifunze kwa pamoja? Mimi hujibu kwamba vyote vinahitajika, ila kila kimoja kina kazi yake, na kozi nyingi huharibika pale kazi hizo zinapobadilishana.

Kujisomea kuna faida iliyo wazi. Mwalimu mwenye darasa kubwa husoma akishamaliza kusahihisha madaftari, usiku, bando likiruhusu. Tatizo ni kuishia njiani. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi huria za MIT na Harvard kwenye jukwaa la edX: kwa mwaka 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Kweli, kozi zile hazikuwa za walimu peke yao, na wengi hujiandikisha kwa kuchungulia tu. Hata hivyo, anayemtegemea mwalimu amalize bila mtu yeyote wa kumngoja anajidanganya.

Vikundi navyo vina ugonjwa wake. Ukiwaambia walimu “jadilini moduli ya pili”, utapata ujumbe wa “Asante kwa somo zuri” ukifuatana na mwingine kama huo, na kimya. Hakuna cha kujadili, maana wote wamesoma maandishi yaleyale.

Chukua mfano wa hisabati, kujumlisha sehemu. Mwalimu anasoma moduli, anajibu jaribio, anapata zote. Anajua 1/2 + 1/3 ni 5/6. Sasa mwombe alete kwenye kikundi picha ya daftari la mwanafunzi wake, jina likiwa limefichwa, ambamo mtoto ameandika 2/5. Hapo mazungumzo yanaanza. Mmoja atasema mtoto hajui KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika). Mwingine ataona kwamba mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama namba nzima za kawaida. Ana kanuni yake, na anaifuata vizuri kabisa. Wa tatu atauliza: kwani 2/5 si ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo? Swali hilo la tatu linaweza kupelekwa darasani kesho yake, na ni nadra mtu kulifikia akiwa peke yake na skrini.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: maarifa ya somo na jaribio, ajisomee; kazi ya wanafunzi wake mwenyewe, ailete kwa wenzake; kisha akajaribu darasani na kurudi na matokeo. Tarehe ya kikundi ndiyo inayomsukuma kusoma.

Tanzania mfumo huu una pa kukaa. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ina moduli za kujisomea kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania na Jumuiya za Kujifunza, yaani vikundi vya walimu, shuleni. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, ingawa kishikwambi bila bando ni kioo tu. Ndiyo maana napendelea moduli zinazopakuliwa mara moja, kisha kikundi kikutane ana kwa ana shuleni, na WhatsApp ibaki kwa picha na sauti fupi.

Kikundi kiwe cha watu wanne hadi sita. Mwezeshaji asiwe mkuu wa shule: mbele ya anayekujazia tathmini, nani ataonyesha daftari lenye makosa? Na alama zisitolewe kwa idadi ya ujumbe. Ukihesabu ujumbe, utaletewa ujumbe. Mimi hupima kitu kimoja: andalio la somo kabla na baada ya kikao, na mwalimu aeleze kwa maneno yake alichobadilisha na kwa nini.