Parkinson na mazoezi: msimkalishe mzee

Parkinson ni nini?
Ni ugonjwa wa ubongo. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea kwa wepesi, hufa polepole. Mkono hutetemeka, mwili hukakamaa, hatua hufupika. Hauambukizi, na si kurogwa.

Dawa nakunywa. Mazoezi ya nini tena?
Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hukupa wepesi kwa saa chache. Misuli iliyonyauka kwa kukaa hairudishi. Hiyo ni kazi yako.

Baba anachoka. Si bora apumzike kwanza?
Hapana. Kila wiki hapa kliniki naletewa mzee anayeshikiliwa huku na huku, na miezi michache nyuma alikuwa akienda msikitini kwa miguu yake. Nikiuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Tulimpumzisha." Kiti barazani, chai analetewa, hata vifungo vya shati anafungiwa na wajukuu. Jamani, hapana! Kukaa kunamkakamaza, kukakamaa kunamchosha, naye akichoka mnamkalisha tena. Mwacheni afunge vifungo mwenyewe, hata kama ni robo saa. Apumzike usiku, na baada ya mazoezi.

Nilianza vizuri, nikaacha baada ya wiki mbili.
Anza tena leo. Usingoje hamu, maana ugonjwa wenyewe huipunguza, na ukiingoja utakaa mwaka mzima. Yafunge mazoezi na saa ya dawa: wengi huwa wepesi nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza, na huo ndio wakati wa kutoka. Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Ukianza na kumi kwa siku, sawa. Piga hatua ndefu, zungusha mikono. Tafuta jirani wa kutembea naye, anayekuja kugonga mlango.

Miguu inaganda mlangoni, nifanyeje?
Simama. Egemea mguu mmoja, kisha mwingine, hesabu moja, mbili, tatu, halafu vuka kama unayeruka mfereji. Nanyi wa nyumbani, msimvute mkono! Ndivyo wanavyoanguka.

Nikianguka niache mazoezi?
Usiache, ila njoo kliniki siku hiyo hiyo, vilevile ukisikia kizunguzungu kila ukisimama. Tutaangalia presha na dawa, tubadilishe zoezi. Wengi hungoja mara ya tatu, nao huja na nyonga imevunjika.