"Mume wake yuko UN, ana shida gani?" Tunayoyasikia Mtwara kuhusu familia za askari waliosafiri

Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, umande bado umelala kwenye maua ya mikorosho. Hiyo ndiyo saa ya kupiga salfa, dawa ya unga ya mikorosho, maana vumbi lake hushika kwenye unyevu na upepo bado haujaamka. Ukikuta shamba moja kimya wakati mashine zinanguruma kulia na kushoto, ujue kuna jambo. Mwaka ule jambo lenyewe lilikuwa hili: mwenye shamba, askari, yuko Kongo kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa (UN) kwa mwaka mzima, mkewe ana mtoto wa miezi minne, na mtaa mzima umekubaliana kuwa nyumba ile haina haja ya msaada kwa sababu "mume wake yuko UN".

Tulianzia hapo kuzisaidia nyumba kama ile, wanawake wachache na vijana watatu. Hatuna jina wala ofisi. Tuna daftari la mistari na kundi la WhatsApp ambalo nusu yake ni salamu za Ijumaa. Tangu hapo nimegundua kuwa kazi ya jembe ni nyepesi, kazi nzito ni midomo ya watu. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi, na haya ndiyo ninayoyajibu.

"Analipwa dola, wana hela kuliko sisi sote"

Hii ndiyo kubwa lao. Watu wanaona kofia ya bluu wanaona mashine ya kutoa pesa.

Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Nchi ndizo zinazotoa askari, kisha UN inazirudishia serikali gharama kwa kiwango kimoja kwa kila askari, awe ametoka nchi tajiri au maskini. Mwaka 2019 kiwango hicho kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi. Hela hiyo inaingia serikalini, haiingii kwenye simu ya mke wa askari Mikindani. Na mara nyingi inachelewa, kwa sababu nchi wanachama nazo huchelewesha michango yao. Askari mwenyewe analipwa na nchi yake, kwa cheo chake na kwa utaratibu wa nchi yake. Kinachotoka UN moja kwa moja mkononi mwa askari wa kikosi kila siku ni posho ndogo, nayo imekuwa dola 1.28. Ibadilishe kwa shilingi, halafu nenda feri ukaulize sahani ya wali na samaki.

Sikatai kwamba wapo waliorudi wakajenga. Wapo, nawajua, na nyumba zao nzuri. Lakini mtu anajenga akisharudi, na hapa tunazungumzia mwezi wa pili tangu aondoke, mtoto ana homa, na shemeji watatu wameshapiga simu kukopa "kwa sababu nyie mko vizuri". Mama mmoja aliniambia tangu mumewe asafiri hajawahi kuombwa hela kiasi kile maishani mwake, na hajawahi kusaidiwa kidogo kiasi kile.

Halafu kuna mtego wa kikwetu, ambao mtu wa Dodoma hawezi kuuona. Korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007. Unapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unasubiri mnada, malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Pembejeo za ruzuku nazo wanapewa waliosajiliwa. Sasa kama shamba, usajili na akaunti vyote viko kwa jina la baba, na baba yuko Beni, kule Kongo, mama ataokota korosho, atazianika, atazipeleka ghalani, kisha atakaa anaangalia hela inaingia mahali ambapo mkono wake haufiki. Tumeliona hili zaidi ya mara moja. Siku hizi tukisikia kijana wa mtaani amepangiwa safari, jambo la kwanza tunalouliza ni kama wamefungua akaunti ya pamoja au ameacha hati ya uwakilishi. Pilau ya kumuaga itafuata. Wengine wanatuona wambeya. Na tuonwe.

"Mtaa mzima unajua ni mkewe"

Mtaa unajua, karatasi haijui. Hapa kwetu ndoa nyingi zimefungwa kwa shehe, mashahidi wakala wakaondoka, cheti hakikufuatwa. Wengine hata hawakufika kwa shehe, wameishi tu na watoto wamezaliwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kuwa mume na mke wanadhaniwa wameoana. Neno lenyewe ni hilo, wanadhaniwa. Dhana hiyo unaweza kwenda kuitetea mahakamani, lakini ni safari ndefu, na hakuna anayependa kuianza akiwa amevaa kaniki ya kufiwa. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA vifuatwe mtu akiwa bado yuko, anatia sahihi kwa mkono wake.

"Tumtumie kifurushi"

Vijana wanaona kwenye simu Wamarekani wakifunga maboksi ya biskuti na soksi kwa askari wao, wanakuja na wazo: na sisi tuchange, tumtumie ubuyu na korosho za kubanika. Ni wazo zuri, na lina historia. Wamarekani wana chama kama USO tangu 1941 kwa kazi ya kuwafariji askari. Lakini hata huko mwaka 2001 jeshi lao lilisimamisha vifurushi na barua za "askari yeyote", zisizo na jina la mpokeaji, kwa sababu za usalama. Na kikosi kilicho kwenye ulinzi wa amani kinaletewa chakula, maji na mafuta na UN yenyewe. Kijana wetu hafi njaa kule.

Anachokosa ni usingizi wa kujua nyumbani kukoje. Kwa hiyo kifurushi chetu sisi ni kufyekea mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka, ili zionekane chini. Ni kuokota na kutenganisha na mabibo kabla hayajaoza. Ni kumsindikiza mama kliniki kwa bajaji. Na ni bando. Mama mzazi wa askari mmoja anaishi kijijini Newala na ana kitochi. Kila Jumapili binti mmoja wa kikundi, ambaye kwao ni kijiji kilekile, anampelekea simu janja aongee na mwanawe kwa picha. Mara ya kwanza bibi alilia kwamba mtoto amekonda. Nimeiona picha ile, kijana kanenepa mpaka kola imembana.

"Ukijua kitu, wape watu habari"

Hapa huwa sicheki.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinzi wa amani pale Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Miaka minne kabla yake, Julai 13, 2013, saba walikuwa wameuawa Darfur. Habari za namna hii zinatembea kwa simu kuliko gari la jeshi linavyotembea barabarani. Mtu anatuma "nasikia kuna wa Mtwara", hajui jina, hajui cheo, anatuma tu. Ikifika saa sita mchana wanawake kumi wameshaanza matanga ya watu wazima wenye afya zao.

Kutoa habari ya kifo ni kazi ya jeshi. Wana namna yao: wanakuja watu, wanajitambulisha, wanaongea na wahusika. Sisi kazi yetu siku kama ile ni kwenda kukaa na mama, kuzima kelele, kupika uji. Ukiulizwa unasema hujui, maana kweli hujui.

Kuna na upande mwingine, wa kuringa. Picha ya kuagana kituo cha basi, na chini yake: kikosi fulani, kinaondoka lini, kinakwenda wapi. Sisi tunaokaa karibu na Ruvuma hatuna haja ya kuelezwa kwa nini hilo ni baya. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 ng'ambo ya mto, na Oktoba 2020 vilivuka vikaingia Kitaya, ndani ya mkoa wetu. Nchi za SADC zilipopeleka jeshi la pamoja Msumbiji, kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024, Tanzania ilikuwamo. Adui hakuwa mbali kiasi cha kutosoma Kiswahili. Kwenye daftari letu nyumba zimeandikwa kwa majina ya miti: mwembe, mkorosho, mnazi. Hatuandiki baba yuko wapi.

"Haya ni mambo ya kizungu"

Mzee mmoja msikitini aliniambia hivyo, nikamjibu kwa adabu, "Babu, wewe ni wa Nachingwea." Akacheka, maana alijua nakokwenda.

FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoanza vita dhidi ya Wareno Septemba 25, 1964, kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuja kuwa Nachingwea. Majeruhi walitibiwa Mtwara, kwenye hospitali waliyoipa jina la daktari wa Angola, Américo Boavida. Wakimbizi wa Msumbiji walipokewa Rutamba, kule Lindi. Hakuna kambi inayokaa miaka kumi bila wanakijiji wa pembeni kuuza muhogo, kugawa maji na kufunga midomo. Ilipokuja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, nchi nzima ilichanga: ng'ombe, vyakula, malori ya watu binafsi. Halafu miaka ya 1986 hadi 1988 askari wetu wakaenda Msumbiji kupigana na waasi wa RENAMO, vita ambayo huku hata shuleni haizungumzwi sana. Waliokufa kule wamelala Naliendele, kwenye makaburi ya mashujaa. Ukipita na daladala unayaona. Kila moja lilikuwa na nyumba mahali fulani, na nyumba ile ilikuwa na majirani.

Kizungu hapo ni neno "voluntia" tu. Kitu chenyewe bibi zetu walikiita ujirani.

"Mwanamke kaachwa peke yake, atunzwe na wanaume wa mtaani"

La hasha. Kwanza hajaachwa, mume yuko kazini. Pili, huku kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ana sauti kwenye nyumba ya dada yake. Ukitaka kuingia kusaidia, anza kwa mjomba, au kwa mama mkubwa. Kijana wetu haendi pale peke yake, tena si usiku. Mashine ya salfa tunapeleka watu wawili, mmoja mwanamke. Si kwamba tunamshuku mtu. Umbeya ukishapanda meli hadi Kongo, hakuna atakayeweza kuushusha.

"Ukijitolea huku, utaingia jeshini"

Hapana. Na anayekuomba hela ili "akuunganishe" ni tapeli, nafasi za jeshi hazinunuliwi. Na kombati usivae, hata ya mtumba, hata ya kuonyesha upendo: Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba wazisalimishe. Sisi tunavaa kanga.

"Akirudi, tumemaliza"

Wengi wanarudi salama na akili zao timamu, nianze na hilo, kwa sababu kuna watu wakimwona askari aliyetoka misheni wanamtazama kama bomu. Lakini wapo wanaorudi na usingizi wa vipande. Anashtuka bodaboda ikipiga mlipuko kwenye eksozi. Ngoma za jando zikianza usiku mwezi wa sita, anatoka nje anakaa barazani hadi asubuhi. Anakuwa mkali kwa jambo dogo, au anakaa kimya siku tatu. Na dalili hizi zinaweza kuja baada ya miezi, wakati kila mtu ameshasahau safari.

Mtaani jibu liko tayari: katupiwa kitu, ana majini ya Kongo, apelekwe kwa fundi. Mimi sigombani na dini ya mtu wala mizimu ya mtu. Ninachosema ni kwamba akili ikikaa muda mrefu kwenye hatari hujifunza kutolala, na kuisahaulisha kuna tiba yake hospitalini, ya mazungumzo na wakati mwingine ya dawa. Askari ana jeshi lake lenye madaktari wake, na mkewe anaruhusiwa kusema "twende wote". Waliokwenda mapema nimewaona wakirudi kwenye bao chini ya mwembe. Wawili walioanzia kwa mganga walichelewa mwaka, na ng'ombe wakauzwa.

Jambo lingine halina ugonjwa ndani yake, ni ugeni tu. Mama ameendesha nyumba mwaka mzima, anajua bei ya mifuko, anajua nani anadaiwa. Baba anarudi anataka kukalia kiti chake, anakuta kimesogezwa. Kwa hiyo wiki ya kwanza sisi hatuendi kabisa. Hata sukari hatuombi.

Yule wa shamba lililokuwa kimya alirudi mwezi wa tano. Mtoto aliyemwacha mchanga alikuwa anatembea, na kila akimwona baba yake alikimbilia nyuma ya kanga ya mama. Siku ya kumi jioni alikuja kwangu, mtoto kambeba begani, mtoto anamkodolea macho kama abiria aliyepanda gari asilolijua. Hakusema asante wala nini. Aliuliza mwaka huu mashine ya salfa inaanzia kwa nani, na zamu yake itakuwa lini.