Kama Mimi ni Mali ya Mungu, Hiari Yangu Iko Wapi?

Swali hili huulizwa sana na wanafunzi wangu wa teolojia, na kwa kawaida anayeliuliza ametoka kusoma 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo anaandika, "Wala ninyi si mali yenu wenyewe, maana mlinunuliwa kwa thamani." Kwa mwanafunzi huyo, aliyenunuliwa hana tena la kuamua. Nadhani swali lenyewe limeanza na mtu asiyekuwapo, yaani mtu aliyekuwa akijimiliki kikamilifu hadi Mungu alipokuja kumtwaa. Yesu anasema katika Yohana 8:34 kwamba kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, na Warumi 6 haimwachii mwanadamu nafasi ya kusimama kati ya mabwana wawili bila kumtumikia yeyote.

Hebu tuitazame sheria ya Kutoka 21. Mtumwa wa Kiebrania alitumika miaka 6, na mwaka wa 7 akaachwa huru pasipo kulipa kitu. Lakini aliruhusiwa kukataa uhuru huo kwa kutamka waziwazi kwamba anampenda bwana wake, mkewe na watoto wake. Hapo aliletwa mlangoni, akatobolewa sikio kwa uma, yaani chuma chenye ncha kali, akabaki mtumishi wa nyumba ile daima. Wahubiri huipenda picha hii ya mtu anayejitoa kwa hiari, ila wengi huiruka aya ya 4, inayosema kwamba ikiwa mke alitolewa na bwana, mke huyo na watoto wake walibaki kwa bwana. Kwa hiyo mtumwa yule alichagua huku moyo wake ukiwa umeshashikwa. Siitetei sheria hiyo. Ninachokiona humo ni kwamba hata uamuzi unaotamkwa kwa kinywa cha mtu mwenyewe hutoka katika yale anayoyapenda.

Hapo ndipo Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini, alipokazia fikira zake alipobishana na Pelagio, mwalimu Mkristo wa wakati wake, ambaye mafundisho yake yalikataliwa na sinodi (mkutano wa viongozi wa kanisa) ya Carthage mwaka 418. Pelagio aliona kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo ambalo mtu hana uwezo wa kulitenda. Augustino hakukana kwamba mtu huchagua. Alisema kwamba utashi wake, yaani uwezo wake wa kutaka na kuamua, umepinda, hivyo huchagua kwa hiari kile kinachomwangamiza, mpaka neema impe kupenda kilicho chema. Alifika mbali zaidi: watakatifu mbinguni hawataweza kabisa kutenda dhambi, na hapo ndipo watakapokuwa huru kuliko Adamu alivyokuwa bustanini. Anayedhani kwamba uhuru ni lazima uwe na mlango wa kuelekea uovu hana budi kueleza jinsi Mungu mwenyewe, asiyeweza kutenda uovu, alivyo huru.

Martin Luther, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, akimjibu Erasmus, mwanazuoni Mkatoliki aliyetetea hiari ya mtu, mwaka 1525, aliufananisha utashi na mnyama anayepandwa ama na Mungu ama na shetani. Ni mfano wenye nguvu, lakini kwangu unapunguza jambo, kwa sababu mnyama hupelekwa tu bila kupenda anakokwenda. Napendelea maneno ya sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa makanisa ya Kireformati huko Uholanzi, ambayo wengi huidhania kuwa ilimfanya mtu kuwa kama mashine: ilitamka kwamba neema haiwatendei watu kana kwamba ni magogo na mawe, wala haiondoi utashi wao, bali huuhuisha na kuuponya. Wakatoliki katika mtaguso wao wa Trento mwaka 1547, na baadaye John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, walishikilia kwamba mtu aliyeguswa na neema bado anaweza kuikataa. Tofauti hiyo ni nzito na siipuuzi, ila hakuna upande hapo uliofundisha kwamba mtu humwendea Mungu bila Mungu kuanza.

Jambo lenye matokeo ya karibu zaidi liko katika 1 Wakorintho 7:23, sura moja tu mbele, ambapo Paulo anarudia maneno yaleyale kisha anageukia upande usiotarajiwa: "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu." Kiongozi wa kanisa anayemwambia muumini kwamba, kwa kuwa ni mali ya Mungu, hana budi kumtii yeye kuhusu nani wa kuoa au mshahara wake uende wapi, anaisoma aya ya kununuliwa na kuiacha hii. Kwa Paulo, kwa kuwa Mkristo ana mwenyewe tayari, hakuna mwanadamu mwingine anayeweza kudai kummiliki.